Sauti ya Anahí

Ofelia aliingia jikoni bila kubisha hodi, simu kaikumbatia kifuani. Hortensia alikuwa anakanda unga wa tortila, chapati za kwao, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Kanipigia," Ofelia akasema. "Mwenzangu, Anahí kanipigia!"

Hortensia akaacha kukanda. Anahí, binti wa pekee wa Ofelia, alitoweka miaka mitatu nyuma akirudi kutoka duka la viatu alikofanya kazi, hapo hapo mjini kwao Guaymas. Efraín, mwana wa Hortensia, alikuwa ametoweka mwaka mmoja kabla yake. Wanawake hao wawili walijuana jangwani, kila mmoja na koleo lake, katika kundi la kina mama wanaochimba kutafuta watoto wao. Walikuwa wamefukua mifupa ya watoto wa watu wengi. Ya watoto wao, bado.

"Kasemaje?"

"Analia. Kafungiwa shambani huko milimani. Bosi wa waliomteka atamwachia nikituma peso elfu arobaini, na nisiwaambie polisi."

"Ofelia, hebu kaa kwanza."

"Sikuja kukaa, nimekuja kukopa!"

Hortensia akanawa mikono polepole, akitafuta pa kuanzia. Wiki mbili kabla, kina mama wa mji mwingine walikuwa wamewaonya: kuna watu wanachukua video za waliopotea na kuilisha mashine, mashine inajifunza sauti, kisha inasema lolote inaloambiwa. Hortensia ndiye aliyewasomea wenzake onyo hilo. Ofelia alikuwepo, tena ndiye aliyewatukana matapeli hao kuliko wote.

"Ile video yake akimwimbia bibi yake," Hortensia akasema, "tuliiweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Mtu yeyote anaichukua."

"Sauti ya mwanangu naijua."

"Najua unaijua. Basi akipiga, muulize kitu ambacho hakiko mtandaoni."

Simu ikalia kabla ya saa kumi. Ofelia akaiweka kwenye spika. Ilikuwa Anahí wa ile video kabisa, mpaka namna yake ya kuvuta mwisho wa maneno.

"Mami, tuma pesa, nakuomba."

"Mwanangu, ulipovunjika mkono, ulianguka wapi?"

"Usiniulize, mami, wananiangalia. Nasikia baridi."

"Nitajie mahali tu, mama. Neno moja."

"Mami, tuma pesa, nakuomba." Kilio kilekile, pumzi ileile, vilevile kama mwanzo.

Hortensia akanyoosha mkono, akakata simu. Ofelia akamzaba kofi.

"Umemkatia mwanangu!"

"Si yeye."

"Unafikiri mimi sijui?" Ofelia akakaa sakafuni palepale. "Nilijua tangu asubuhi. Anahí hajawahi kuniita mami. Ananiita kizee, kwa utani wake. Lakini miaka mitatu, Hortensia, miaka mitatu sijaisikia sauti ile ikisema neno jipya." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimeshatuma elfu nane. Zile za kundi letu, za petroli ya kwenda kuchimba."

Hortensia hakumgombeza. Akaketi naye chini.

Jumamosi hiyo kundi likafuta video zote, zikabaki picha tu. Lakini namba ya Ofelia ilikuwa imeshafika mikononi mwa watu wale, na simu hazikukoma.

"Badilisha namba," wenzake wakamwambia.

"Ndiyo namba pekee Anahí anayoijua kichwani. Akitoroka leo, atapiga wapi?"

Hata wao walikuwa wameng'ang'ania namba zao kwa sababu hiyohiyo. Ndipo Hortensia akaomba simu ile akae nayo yeye. Kila namba ngeni ilibidi ipokelewe, kwani huenda siku moja angekuwa Anahí mwenyewe. Basi kila siku alipokea, akauliza swali la mkono, akasikiliza binti wa rafiki yake akibembeleza, akitaja baridi, akitaja njaa, na siku nyingine akipiga kelele za mtu anayechomwa. Hakukata mpaka awe na hakika. Kisha alitoka uani kutapika.

Kila jioni Ofelia alipita.

"Kapiga?"

"Kapiga."

"Kasemaje?"

"Yale yale."

Zaidi ya hapo Hortensia hakumwambia. Siku kumi na tisa zikaenda hivyo, naye akapungua mpaka sketi zikawa zinamvuka.

Siku ya ishirini simu haikulia. Wala kesho yake. Pengine walikuwa wamechoka, pengine wamempata mama mwingine.

"Kapiga?" Ofelia akauliza mlangoni.

"Hajapiga. Nadhani wametuacha, mwenzangu."

Hortensia alitegemea kumwona akishusha pumzi. Badala yake Ofelia alishika ukuta, akaanza kulia kwa sauti, na majirani waliotoka kumtazama walidhani maiti imepatikana.