Wengi Wape, Alisema Profesa

Majibu ya uchambuzi yalikuwa yaleyale hata Profesa alipourudia mara ya tatu. Chai imepoa mbele yake, uso unamwaka kwa aibu. Fundi wa maabara alikuwa sahihi.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Profesa aliambiwa, tena mbele ya watu. Ilikuwa mwaka jana, kikaoni, alipoonyesha mti wa ukoo wa ndege aina ya chiriku: wa milimani na wa bondeni ni ndugu, wa nyikani ni binamu tu. Jeni nane katika kila kumi zilisema hivyo.

"Samahani, Profesa," fundi akasema, "hizo chache zinazobisha zote zinatoka pale kwenye kromosomu ambapo urithi wa baba na wa mama hauchanganyiki sana. Huenda ndizo zilizotunza ya kale."

"Mama, wengi wape," Profesa akamjibu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akaziita zile chache takataka, akazifuta, mti ukachapishwa. Fundi akapelekwa stoo ya ndege waliokaushwa, abadilishe lebo za droo mia mbili kufuata mti huo.

Kumbe chiriku wa bondeni na wa milimani ni majirani waliozaliana kwa karne nyingi. Damu ya jirani ikaenea kila mahali urithi unapochanganyika upesi, na pasipochanganyika ikakwama. Zile jeni nyingi zilikuwa zinasimulia ujirani. Ndugu wa kweli wa chiriku wa milimani ni yule wa nyikani.

Profesa alishuka stoo. Fundi alikuwa amefika droo ya mia na tisini.

"Mama, ulikuwa sahihi. Mbona hukusema tena?"

"Nilisema, Profesa. Mkacheka." Hakuinua macho kutoka kwenye lebo yake.

Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake akamwomba waende wote kikaoni mchana ule, akamketisha mbele, akasimama.

"Mti wangu ni wa uongo," akasema. "Huyu mama aliniambia, nikamfanyia dhihaka."

 Mwanafunzi mmoja akaitikia kutoka nyuma, "Wengi wape, Profesa," na ukumbi mzima ukacheka, wakidhani mzee anatania kama kawaida yake.

Ni yeye aliyewafundisha kucheka hivyo. Fundi aliketi, gundi imemkaukia vidoleni, akingoja wamalize.