Bomba Linalomtekenya Mama

Pikipiki ya Ghali niliiona kabla sijafika getini kwa dada, na damu ikanipanda papo hapo. Ya nani tena kama si yake? Ngazi imefungwa ubavuni kwa mpira mweusi, sanduku la vyombo nyuma, kila kitu kimepangwa utadhani anakwenda kumpasua mgonjwa. Huyu bwana ni fundi umeme kama mimi, anakagua nyaya za majumba kama mimi, ila bei yake ni mara tatu ya yangu na hapunguzi hata umlilie. Jina la Ghali nilimbandika mimi mwenyewe, likamganda. Mimi watu wananiita Chapchap, kwa sababu nyumba tatu nazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa najivunia jina hilo.

Sasa Ghali anatafuta nini kwa dada yangu wa tumbo moja? Nikaingia bila hodi hadi jikoni.

"Dada! Ndiyo umeamua kunivua nguo mbele ya mtaa mzima?"

Dada alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua hata uso. "Punguza sauti. Mama yuko uani."

"Sipunguzi! Mimi nakukagulia bure, wewe hela unampelekea mnyonyaji? Watu watasema nini? Kwamba hata ndugu zangu hawaniamini?"

Dirishani nilimwona jirani yao ameacha kuanika nguo, shuka moja limemning'inia mkononi, masikio yote huku. Nikaongeza sauti makusudi ili asipitwe.

"Yuko kwenye korido," dada akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nikaenda nimevimba kama andazi. Ghali alikuwa juu ya ngazi, mbele ya kile kisanduku cha swichi kubwa na breka, wembe mkononi. Umeme wa nyumba nzima alikuwa ameshauzima.

"Karibu, fundi," akaniambia, bila kinyongo chochote. "Umekuja wakati mzuri. Nimulikie hapa."

Tochi niliichukua ili nipate nafasi ya kumsogelea nimtolee uvivu vizuri. Nikamulika. 

Kwenye mfuniko wa kisanduku, juu ya rangi, kulikuwa na stika yangu: IMEKAGULIWA, na namba yangu ya simu chini yake. Lakini walipopaka rangi ukuta ule, mwaka juzi, wapaka rangi walipitisha brashi juu ya mfuniko na skrubu zake zote, rangi ikaziba kila kitu. Bisibisi haiwezi kuingia kwenye skrubu zile mpaka rangi ikwanguliwe. Na rangi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Ghali ndiye aliyekuwa anaikwangua sasa, polepole, kwa wembe, akiizunguka stika yangu asiichane.

Aliona, na alijua kwamba nimeona. Akaendelea kukwangua. Ningefurahi sana kama angenisema, maana ningepata pa kushika tukagombana.

Kwa kweli niliikagua nyumba ile Jumapili moja mwaka huu, dada aliponialika chakula. Sahani ilikuwa mkononi na paja la kuku mdomoni. Niliutazama mfuniko kama mtu anavyotazama kalenda, nikasema, "Safi kabisa, laleni usingizi," nikabandika stika, nikarudi mezani kufuata mchuzi. Mgeni anayenilipa, hata kama ni kidogo, angalau mfuniko naufungua. Dada yangu sikumfungulia.

Halafu kuna lile la mama. Mezani pale pale mama aliniambia, "Mwanangu, bomba la bafuni siku hizi linanitekenya nikilishika." Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Nikamwambia, "Mama, huo ni umri unakupigia hodi." Meza nzima ikacheka. Mama naye akacheka, akainamia sahani yake, na hakulitaja tena bomba.

Mfuniko ukatoka. Ghali akaniita kwa kichwa, nikapanda hatua mbili nione. Waya wa ardhini wa hita ya maji ya bafuni, ule ambao kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliovuja usije ukampitia mtu, ulikuwa umechomoka, unaning'inia tu. Mtoto wa shule ya ufundi angeuona.

"Twende bafuni," akasema.

Mlangoni pa bafuni palikuwa na kandambili za mama, nyayo zimelika. Na kwenye mpini wa bomba kulikuwa na kitambaa cha zamani, kimezungushwa na kufungwa fundo. Sikuhitaji kuuliza. Nilipomcheka, alijitafutia kinga yake mwenyewe. Kitambaa! Kikilowa maji kinazuia nini?

Ghali akakifungua kile kitambaa, akaenda kuwasha umeme, akarudi. "Usiguse bomba. Testa unayo?"

Fundi gani hana testa? Kalamu ile ndogo yenye taa inayowaka ikigusa umeme haitoki mfuko wa shati langu. Jumapili ile pia ilikuwepo, hapa hapa kifuani, nilipokuwa nacheka. Nikaishika vizuri, nikaigusisha ncha kwenye bomba.

Taa ikawaka.

Nyie, niliona aibu. Aibu ya kutamani sakafu ipasuke niingie. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika ukuta, anaitazama ile taa.

"Si nilikwambia?" akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Ndilo lililokuwa linanitekenya."

"Mama, nisamehe..."

"Sikutaka kusumbua tena. Ulisema ni umri."

Dada alikuwa amefika, mikono inanuka vitunguu. Nikamgeukia yeye, maana macho ya mama sikuyaweza. "Kwa nini hukuniita nirudie? Ningekuja!"

"Ungekuja na hamu ya kula," akasema. "Mtu nisiyemlipa namdai nini? Nikikwambia hukukagua vizuri, utaniambia sina shukrani. Nimempata fundi ambaye naweza kumuuliza maswali."

 Nilisema tu kwamba nitatengeneza sasa hivi, bure.

"Bure sitaki," dada akadakia. "Bure ndiyo imetufikisha hapa. Taja bei. Ya fundi, siyo ya ndugu."

Bei zangu nazitaja nikiwa natembea, nazitaja nikitafuna. Siku ile haikunijia hata moja. Nikamtazama Ghali. "Wewe kazi hii ungefanya kwa ngapi?" Akanitajia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa muda inaotaka kazi yenyewe, hakuwa ghali hata kidogo. Nikamtajia dada bei ile ile, naye akaenda kuleta hela zetu sote wawili.

Umeme tukauzima tena. Niliikata hita kabisa, maana ilikuwa imeoza ndani na inavujisha umeme, nikamwambia dada asiiwashe mpaka anunue nyingine. Nikaufunga waya wa ardhini mahali pake na kukaza skrubu. Nikapitia soketi moja baada ya nyingine, chumba hadi chumba, kitu ambacho sijui mara ya mwisho nilikifanya lini. Ghali akafuata nyuma yangu na mita yake, anapima upya kila nilichogusa. Nilimwacha apime. Stika yangu niliibandua mwenyewe kwa kucha, ikatoka vipande vipande.

Jioni jua lilikuwa linazama tulipomaliza. Dada alikuwa amechemsha maji jikoni kwa ajili ya mama. Nikayabeba kwa ndoo mwenyewe hadi bafuni, nikatoka na kusimama mlangoni.

"Tayari, mama. Bomba ni salama sasa. Kaoge."

Mama hakuingia. Alisimama na kandambili zake miguuni na taulo begani. Akanitazama, akanipita kwa macho, akamwangalia Ghali aliyekuwa anafunga sanduku lake.

"Eti fundi," akamuuliza, "anasema kweli?"

"Kweli, mama," Ghali akajibu. "Nimepima."

Basi mama akazivua kandambili, akaziacha mlangoni karibu na miguu yangu, akaingia.