Upande wa Komeo

Fundi Limbu alipoingia kwenye kituo cha kwanza hakutazama vigae wala televisheni. Alitazama milango. Ndiyo hulka ya seremala. Mwonyeshe ikulu, atauliza mbao zimetoka wapi.

"Karibuni sana, hapa ni kwenu," alisema meneja, kijana aitwaye Godbless, viatu vinang'aa. "Vitanda ishirini, maji yapo, ukuta mita tatu. Hajawahi kutoroka mgonjwa hata mmoja."

"Kwani wanataka kutoroka?" aliuliza Maua, mke wa Limbu.

Godbless alicheka, akidhani ametaniwa. Nyuma yao alisimama binti yao Kabula, miaka kumi na saba, amekumbatia mfuko wake wa nguo. Asubuhi hiyo hospitali ilikuwa imemruhusu baada ya wiki saba wodini. Sauti zilizokuwa zikimsumbua kichwani zilikuwa zimetulia, na daktari alitaka akae miezi sita mahali penye mtu wa kumsimamia anywe dawa. Kitanda chake wodini kilikuwa tayari na mgonjwa mwingine. Ilibidi apate pa kulala leo hii, na karatasi ya kumpokea ilitakiwa isainiwe na afisa ustawi, ambaye kesho yake alikuwa anakwenda Dodoma kwenye semina ya wiki mbili.

Limbu alipapasa mlango wa kwanza wa wasichana. Komeo la chuma, kwa nje. Wa pili, kwa nje. Alipita vyumba vyote kumi, vyote kwa nje.

"Unapaonaje, mwanangu?" Maua alinong'ona.

"Hata tivii wameifungia kwenye kizimba," alisema Kabula. "Sijui yenyewe inaumwa nini."

Maua alicheka mpaka akashika ukuta. Limbu hakucheka. Nyumbani kwao Gongoni, mlango wa chumba cha Kabula nao ulikuwa na komeo kwa nje. Alilitia yeye mwenyewe mwezi wa nne, baada ya binti kukutwa alfajiri akitembea katikati ya reli. Maua anashinda sokoni, yeye anashinda karakana, wangefanyaje? Lakini katika kazi zote zilizopita mikononi mwake, hiyo peke yake ilimtia aibu.

Kituo cha pili kilikuwa Kwihara: nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, kuku uani, na wasichana wawili mkekani wakimenya karanga. Mwenye nyumba, nesi mstaafu aitwaye Asnath, aliitikia shikamoo ya Kabula, kisha akamgeukia baba mtu.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Wa hapa hapa."

"Mimi Mgogo. Wazee wako walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, wakanywa maji ya visima vyetu, na ushuru hawajamaliza kulipa mpaka leo."

"Maji yenyewe yalikuwa tope, mtani. Sisi ndio tunaowadai nyinyi."

Utani huo ni wa tangu enzi za misafara na haujachuja hata kidogo. Kabula aliwatazama watu wazima hawa wakichambana kwa raha. Kisha akauweka mfuko wake chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaketi mkekani na kuchota karanga. Maua aliliona hilo. Hata hivyo alikwenda jikoni kufunua sufuria, kisha akawauliza wale wasichana, si mwenye nyumba, jana wamekula nini.

"Wali na mlenda," walisema. "Tukaongezewa."

"Dawa nawapa mwenyewe, asubuhi na jioni, na mdomo naukagua," alisema Asnath. "Usiku nalala hapa kwenye korido. Anayetaka kutembea anikanyage kwanza."

"Basi tunamwacha hapa," alisema Maua.

Uso wa Asnath ukabadilika. "Hamwezi. Bwana Abasi wa ustawi alininyima kibali mwezi uliopita, nisipokee mgonjwa mpya. Anarudi leo saa tisa, na nikishindwa tena nafunga." Akatoa karatasi iliyochakaa, akasoma kwa sauti: "Kila chumba cha kulala kiwe na mlango wenye komeo. Ndivyo walivyoandika. Sasa mimi nimekataa kuwafungia watoto wa watu."

Limbu aliichukua karatasi, akaisoma polepole huku midomo ikicheza. Akairudia. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Mtani, ule ushuru wa maji umebaki kiasi gani?"

"Makomeo matano," alijibu Asnath papo hapo. "Lakini nje sitaki."

"Nani kasema nje?"

Alipanda bodaboda mpaka Gongoni, akarudi na patasi, bisibisi na vipande vya mninga vilivyobaki kwenye vitanda vya wateja. Ilipofika saa nane na nusu alikuwa amemaliza. Makomeo matano ya mbao, yamepigwa msasa, yote kwa ndani.

"Na mtu akizidiwa huku amejifungia?" aliuliza Asnath.

"Nimetia skrubu fupi, ukilisukuma kwa bega mara moja tu linang'oka. Wewe mtani hata ukipiga chafya utaufungua."

Bwana Abasi alifika saa tisa na dakika kumi, faili kwapani, salamu za haraka haraka. Alisukuma mlango wa kwanza, akaweka tiki. Wa pili, tiki. Wa tatu haukusogea.

"Nani humo?"

"Kabula. Nabadilisha nguo, subiri."

Afisa alisubiri. Alitazama saa, akatazama dari, akatazama saa tena. Yaelekea hakuwahi kusubirishwa na mgonjwa. Maua alichakurachakura mkoba wake asije akaangua kicheko. Mlango ulipofunguliwa, Abasi aliligusa komeo, akakunja uso.

"Hili liko ndani. Linatakiwa liwe nje."

"Hebu tusomee hapo, bwana afisa," alisema Limbu kwa upole.

Alisoma. Akaigeuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu.

"Fomu ina upungufu," alisema mwishowe. "Nitapendekeza irekebishwe. Mwaka wa fedha ujao itaandikwa kwa nje."

"Chakula je?" aliuliza Maua. "Na huyu mama anayelala korido?"

"Hivyo havimo kwenye ukaguzi," alisema, akasaini fomu, kisha karatasi ya kumpokea Kabula.

Wazazi walipotaka kuondoka, mlango wa Kabula ulikuwa umefungwa. Limbu aliinua mkono ausukume, kama alivyozoea kusukuma ule wa nyumbani miezi yote ile. Akasita.

"Hodi."

"Nani?"

"Baba. Na mama yako. Tunaaga."

Komeo halikusogea.

"Nimejilaza, baba. Nendeni salama. Njooni Jumapili."

Maua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Limbu naye moyo ulimuuma, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alifurahi namna ile.

"Haya, mama," aliuambia mlango. "Jumapili."