Mama Mkwe wa Levo ya Tisa

Omoding alipima malori kwenye mizani ya Malaba kwa miaka ishirini na saba, na watu wakasema alipima kila kitu isipokuwa maneno yake. Ndiye aliyewaambia wageni kwamba mwaka fulani foleni ya mpakani ilikuwa ndefu hata dereva mmoja akapanda mahindi kando ya gurudumu, akapalilia, akavuna, akachoma, na alipofika getini akaulizwa kama ana mazao ya kutangaza. Aliisimulia bila kucheka, na kila mwaka mahindi yale yalizidi kurefuka.

Lakini heshima yake mjini haikutoka kwenye mizani. Enzi za kaseti, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa akikaa kando ya televisheni kwenye banda la video nyuma ya soko, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu sinema za Kichina. Kichina chenyewe hakukijua, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Sinema iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na kaseti tano, ya kijana mmoja mwenye kofia pana. Kijana huyo alipiga majambazi ishirini bila kutoa jasho. Ila akitokea mwanamke fulani wa makamo mwenye kucha ndefu, alivuta kofia usoni, akageuka, akatoka mbio. Omoding alitazama mara moja akaelewa. Mwanamume hodari anaficha uso mbele ya mama mtu mzima na kupitia nyuma ya nyumba. Kwa Wateso mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo Mteso gani hapo angehitaji kamusi? Akatangaza kwamba huyo ni mama mkwe wake. Banda zima likaguna kwa kuridhika. Na wale waliomtazama yule mama wakageuka mawe? Wameganda kwa adabu, akasema. Tangu siku hiyo akaitwa Mkalimani, na jina likamfuata mpaka kwenye pensheni.

Wakati huo Petronilla alikuwa akiuza njugu pale mlangoni, na hakukosa kaseti hata moja. Sasa alikuwa mjane mwenye nyonga inayouma, na alasiri zake alizimaliza katika kontena la binti yake Vivianne karibu na kituo cha malori, mahali vijana na madereva waliposubiri wakicheza gemu. Mama alifuata feni. Omoding naye alisema anafuata feni.

Siku moja Vivianne akaleta gemu mpya. Ilikuwa ile sinema ya kofia, kaseti zote tano, imegeuzwa kuwa mchezo wa kuchekesha. Watu wake walikuwa wafupi, vichwa vikubwa kama vibuyu. Ukimpiga jambazi hatoki damu. Anatawanyika vipande, halafu vipande vinajikusanya vyenyewe, mguu unakaa penye mkono, anaondoka akijikuna. Ukianguka shimoni unarudi papo hapo, kofia kichwani. Petronilla, aliyekuwa amezika watu wa kutosha, alilitazama jambo hilo kwa muda.

"Hapa hakuna anayejua kufa," akasema, na akaomba padi ya kuchezea.

Wakawa wanacheza wawili, yeye na Omoding, yeye kama kijana wa kofia na Omoding kama mpishi wake. Petronilla hakuwa na haraka. Kila alipokutana na kuku, na gemu ile ilijaa kuku kila kona, alimkamata akamtia mkobani. Vivianne alimweleza kwamba kuku hao ni mzaha tu, hawana kazi. Mama akajibu kwamba hajawahi kuona kuku asiye na kazi.

Jambo lililomfufua Omoding lilikuwa jingine. Watu wa gemu hawakusema neno. Waliguna tu, mm-mm, wakirusha mikono. Midomo inayochezacheza bila maneno, kwa mtu kama yeye, ilikuwa shamba lisilo na ua. Akaanza kutafsiri. Jambazi akiguna, Omoding anasema huyo anauliza njia ya kwenda Amagoro. Madereva wakaacha gemu zao wakasogeza viti. Kwa majuma mawili mzee yule alikwenda nyumbani akitembea kama mtu wa miaka hamsini.

Mmoja tu hakuingia: Okiror, mume wa Vivianne, dereva wa lori. Mama mkwe akiwa ndani, yeye aliweka chakula cha mkewe kwenye kizingiti, akapiga mluzi, akaondoka bila kuinua macho.

Kisha wakafika levo ya tisa, na Bibi Kucha, yule mama mkwe wa kwenye sinema, akatoka kwenye ngome yake, nyota tatu zikiwaka juu ya kichwa. Ilibidi kumpiga kichwani mara tatu. Petronilla akaweka padi mapajani.

"Mimi sipigi mama mkwe wa mtu."

Omoding akamwambia ni mchezo. Mama akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyewafundisha huyo ni nani, na kama ni mchezo basi ampige yeye. Omoding akajaribu, lakini mpishi alikuwa na mwiko tu, na mwiko haukufika. Wakakwama siku tatu. Siku ya nne Vivianne akachukua kasha la gemu akasoma maandishi ya nyuma.

"Mzee, hapa wameandika huyu ni mchawi," akasema. "Macho yake yanageuza watu mawe, ndiyo maana kijana anajiziba. Na huyo kijana hana hata mke."

Madereva wakamtazama Omoding.

Uongo ulimjia upesi, tena mzuri: kwamba makasha hayo huchapwa na watu ambao hawajaona kaseti ya nne. Ulikuwa na miguu na ungetembea. Lakini Petronilla alikuwa amemgeukia, na Omoding akakumbuka siku Okiror alipokuja kuposa. Kijana alimwona mama mlangoni, akavuta kofia usoni, akazunguka nyuma ya jiko. Petronilla hakuuliza ukoo wala ng'ombe. Alisema huyu ndiye. Mama huyu alikuwa amemwoza binti yake kwa tafsiri. Akiujua ukweli, atamwonaje mkwe wake, na atamwonaje yule aliyeshika kipaza sauti?

Akauacha ule uongo upite.

"Mama Vivianne," akasema, "Kichina sikijui. Sikuwahi kukijua. Niliona kofia tu, mengine nikajaza."

Pale kwenye skrini Bibi Kucha alikuwa akisubiri, akijinoa kucha.

"Uliona kofia," mama akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mimi pia niliiona. Si anaficha uso?"

"Anaficha."

"Na anakimbia."

"Anakimbia."

"Basi hao wa kasha ndio hawakutazama." Akachukua padi. "Na wewe Mkalimani, kwetu aibu ya mkwe inalegezwa na nini?"

Omoding alimwangalia. Akaangalia mkoba uliochorwa pembeni ya skrini, na hesabu yake ya kuku arobaini na mmoja.

"Mama, hao ni wa mzaha," Vivianne akasema.

Petronilla alikuwa amekwisha bonyeza. Kuku akaruka kutoka mkobani, akapiga kelele, akatua juu ya kichwa cha Bibi Kucha. Nyota moja ikazimika. Akamletea wa pili. Akamletea wa tatu, jogoo. Bibi Kucha akatawanyika vipande, vipande vikajikusanya, akasimama na jogoo kwapani, akacheza dansi. Na kijana, kwa mara ya kwanza tangu kaseti ya kwanza, akavua kofia. Akaguna, mm-mm.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Omoding akainua padi yake mdomoni kama kipaza sauti. "Anasema shikamoo mama. Naye mama anamwambia karibu, ila ungekuja na sukari."

Kontena likalipuka kwa vicheko na makofi. Okiror, aliyekuwa kizingitini na hotpoti ya chakula, alidhani kuna mtu ameanguka, akaingia mbio mpaka katikati. Akamwona mama mkwe na padi mkononi. Akavuta kofia usoni, akageuka, akagonga mlango kwa bega, akapotea kati ya malori na hotpoti yake.

Petronilla alimsindikiza kwa macho. Miaka sita ya ndoa, na kuku wa kulegeza aibu bado hakuwa ameletwa.

"Tafsiri," akasema.

"Anasema kuku wako njiani," Omoding akajibu, bila kupepesa macho.

Vivianne akampelekea mumewe habari hizo nyumbani kama zilivyotafsiriwa. Kuku walifika Jumapili, wamefungwa miguu, watatu. Omoding akisimulia, huwa saba.