Mke Mwenza wa Silinda Nane

Mimi mke mwenza wangu alikuwa wa chuma. Milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane iliyotolewa kwenye gari jingine kubwa ikaingizwa humo kwa ubishi, na mabomba mawili ya moshi yaliyonguruma mpaka vikombe vyangu vikacheza kabatini. Mume wangu alilikuta likiwa mzoga kwenye yadi ya vyuma chakavu. Akalifumua, akaliunda upya, akalipaka rangi nyeusi, na miaka yote aliyokuwa akilibembeleza mimi nilikuwa humohumo gerejini, upande wa pili, kwenye cherehani yangu, nikishona viti vya magari ya watu. Hata viti vyake nilivishona mimi, ngozi ya bandia nyekundu, mshono maradufu. Sasa niambie ni mwanamke gani mwingine aliyewahi kumshonea mke mwenza nguo.

Mume wangu mtaani wanamwita Sikio, na si kwa utani. Gari linapita barabarani, yeye yuko uvunguni mwa gari jingine, anasema, "Huyo plagi yake moja imekufa." Kesho yake mwenye gari analeta, plagi moja imekufa kweli. Mafundi wengine wakitafuta mlio ndani ya injini huchukua bisibisi ndefu, ncha wanaigusisha kwenye chuma, mpini wanauweka sikioni. Yeye aliwacheka. Alisema bisibisi ya kusikilizia ni ya wanaojifunza. Ya kwake aliining'iniza ukutani ikashika vumbi, na watu wakaleta magari yao kwa ajili ya jina hilo. Nyumba yetu, ile iliyo nyuma ya gereji, ilijengwa na jina hilo.

Basi mwaka huu akaanza kujitia pamba masikioni. Namwambia bomba la jikoni linavuja, kimya. Namuuliza atakula saa ngapi, anapita. Nikimpandishia sauti ananitazama, anasema "ehee," anarudi kwa mke mwenza. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijifichi. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikanuna. Na nikinuna sinyamazi kama watu wengine. Nimemrithi mama yangu mzazi: natukana bila sauti. Midomo inakwenda mbio, hakuna kinachotoka. Nilishona viti vingi namna hiyo, macho kwake, midomo ikimsomea mashtaka yote tangu siku ya ndoa.

Yeye akawa ananitazama kwa jicho la ajabu, la mtu aliyepoteza kitu. Nikasema moyoni, safi, yamemwingia.

Asubuhi moja akachukua kipande cha boksi, akaandika LINAUZWA kwa herufi kubwa, akakiweka kwenye kioo cha mbele cha lile gari. Hakusema kwa nini. Ilipasa nipige vigelegele, mke mwenza anaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Lakini moyo ulikataa. Mtu hauzi kitu alichokikosea usingizi miaka yote hiyo pasipo neno hata moja, nami nilikuwa nimenuna, sikuweza kuuliza. Kiburi ni mzigo, na mwenyewe ndiye mbebaji.

Kizuri chajiuza, na lile lilikuwa zuri. Muuza matairi wa mtaa wa pili ndiye aliyetangulia. Alikaa ndani, akaliwasha, akainamisha kichwa.

"Fundi, kuna kitu kinagonga humu."

"Injini hii haina kasoro," mume wangu akasema. "Kama unataka nipunguze bei, omba kwa heshima."

Aliyefuata alikuwa mwalimu wa udereva. Akasikia kilekile, akasema kilekile, akafukuzwa vilevile. Nami pale kwenye cherehani nilikuwa nakisikia. Mlio mdogo, mkavu, upande wa kulia wa injini. Hata mimi niliyezoea kelele za sindano niliusikia.

Ndipo nikaiacha sindano. Wote tulisikia, isipokuwa Sikio.

Nikainuka. Nikapita nyuma yake akiwa ameinamia boneti, nikaiachia ndoo ya bati ianguke sakafuni. Jirani aliye ng'ambo ya ukuta aliuliza kuna nini. Mume wangu hakugeuka. Nikarudi kwenye kiti changu nikalia, tena kwa sauti, na kilio hicho nacho hakukisikia.

Mambo yote yakajipanga. Bomba la jikoni, chakula, "ehee". Mwanamume hakuwa na dharau, alikuwa kiziwi, na alikuwa ameficha. Wanunuzi alikuwa akiwasoma midomo na kubahatisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kitakachokufa kilikuwa jina. Muuza matairi ana mdomo, mwalimu wa udereva ana wanafunzi. Habari kwamba Sikio anauza gari linalogonga wala hajui ikishafika sokoni, hakuna atakayetuletea hata baiskeli. Nilijua ni lazima aambiwe. Nilichokosa ni namna ya kumwambia mtu kitu ambacho anauza gari zima ili asikiseme.

Wa tatu alikuja kesho yake mchana, dereva wa lori, mwanamke wa mabega mapana na kofia iliyochujuka. Alilizunguka lile gari polepole, mikono nyuma.

"Siku zote naendesha mizigo ya watu," akaniambia. "Nataka kitu changu mwenyewe, cha kukimbia bila sababu."

Akakaa kwenye kiti nilichokishona, akakisugua kwa kiganja, akaliwasha. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye injini, mgongo kwetu. Dereva akasikiliza kidogo.

"Fundi, tapeti moja ya valvu inagonga."

Kimya.

"Fundi."

Nikapiga moyo konde. "Inagonga," nikasema, neno langu la kwanza ndani ya gereji ile tangu ninune. "Baba watoto, inagonga. Hata mimi naisikia."

Hakutikisika. Dereva akamtazama, akanitazama.

"Mama, mzee hasikii?"

Ningeweza kudanganya. Mke humsitiri mumewe, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilikuwa nimechoka na sitara inayotuzika.

"Hasikii," nikasema. Niliona haya kana kwamba nimemvua nguo barabarani.

Yule mama hakucheka wala hakusikitika. Alizunguka mbele ya gari, akasimama mahali ambapo mume wangu angeuona uso wake, akasema taratibu, neno baada ya neno. "Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Masikio yake yaliziba, akaendelea na kazi mpaka uzeeni. Alikuwa anauma bisibisi, mlio unampitia menoni."

Mume wangu akanigeukia. Uso wake sitausahau. Alikuwa ameelewa kwamba nimeitoa siri yake.

Nikaenda ukutani, nikaishusha ile bisibisi ndefu, nikaifuta vumbi kwa gauni langu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo ni ya wanaojifunza," akasema.

"Basi jifunze," nikamwambia, nimesimama mbele yake, midomo aione vizuri.

Akaitazama, injini ikiunguruma katikati yetu. Kisha akaichukua. Akauweka mpini wa mbao katikati ya meno, akauma, akaigusisha ncha kwenye kifuniko cha valvu.

Macho yakamtoka. Akaiondoa ncha, akairudisha, mithili ya mtoto anayejaribu swichi ya taa. Halafu akafumba macho na kuanza kuitembeza juu ya chuma, hapa, pale, akisimama, akiendelea, mate yakimtiririka kidevuni asijali. Karibu na mwisho wa upande wa kulia akatulia.

"Ni hii," akasema, meno yamebana mpini. Ilitoka vibaya lakini wote tulielewa.

Akazima injini, akafungua kifuniko, mikono yake ikafanya kazi inayoijua: akalegeza nati, akapima mwanya, akakaza. Akarudisha kila kitu, akawasha, akauma tena bisibisi. Akasikiliza. Mimi nami nilisikiliza, kwa masikio yangu ya kawaida, na ule mlio mkavu haukuwepo.

Dereva akasema anakwenda getini kunyoosha miguu. Nadhani alituachia nafasi makusudi, na nikampenda kwa hilo.

Nikazima gari. Nikachukua bisibisi, nikaiweka ncha kwenye mfupa wa kidevu changu, nikamwelekezea mume wangu mpini. Akaelewa, akauuma. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili tumeunganishwa na bisibisi, na kama mtoto wetu mmoja angetukuta angeita majirani.

"Kwa nini ulikuwa unaliuza?" nikauliza.

Alishtuka aliposikia. Akautoa mpini mdomoni ili ajibu.

"Dunia ilikuwa imeondoka kidogokidogo," akasema. "Redio, mlango, magari ya watu. Wewe ulikuwa umebaki. Kwa mbali, lakini ulikuwepo, maana sauti yako wewe ni sauti. Nikasema ilimradi namsikia huyu, bado mimi ni fundi. Halafu siku moja nikaona midomo yako inakwenda, na sisikii kitu. Kesho yake hivyohivyo. Nikajua imekwisha. Gari la kunguruma, kiziwi ataliweka la nini?"

Nilimtazama. Kicheko na kilio vikanijia pamoja, vikagombania mlango. Nikamrudishia mpini mdomoni.

"Nilikuwa nimenuna," nikasema.

Akakunja uso.

"Nilikuwa nimenuna, mume wangu. Nilikuwa nakutukana bila sauti. Hakuna mtu duniani angesikia."

"Siku zote hizo?" akauliza, bado ameuma.

"Uliniudhi."

Alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Alikaa chini kwenye sakafu ya mafuta, akacheka, akafuta macho kwa mkono mchafu, akabaki na mstari mweusi shavuni. Nikakaa karibu naye, nikamwambia usoni, kwa midomo na vidole, kwamba kesho tunakwenda hospitali ya masikio wala sitaki mjadala. Akasema sawa. Nikamwambia pia, na sijui nilipata wapi ujasiri, asiliuze lile gari.

Akaliangalia. Akaangalia getini, kwenye ile kofia iliyochujuka.

"Yule amesikia ugonjwa wa gari hili na hakukimbia," akasema. "Ni lake. Halafu nafasi itakuwa tupu, nitaunda jingine."

Nikamwonyesha kwa macho kwamba mke mwenza wa pili simtaki.

"Huyu atakuwa wa silinda nne," akasema. "Mpole."

Wakapatana bila kelele. Dereva alitushika mikono wote wawili, akasema matengenezo atayaleta hapahapa, na atakayemuuliza nani kalitengeneza gari lake atamwambia Sikio. Akaingia, akarekebisha kioo, akaondoka. Vikombe vyangu vilicheza kabatini mara ya mwisho, nikajikuta navionea huruma.

Tulisimama getini. Yeye alikuwa anaona vumbi tu.

"Limefika wapi?" akauliza.

Bisibisi ilikuwa imebaki ndani. Nikamshika kichwa, nikakibana kidevu changu kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake, nikasema palepale, "Linapita dukani. Sasa linapinda kona."

"Linagonga?"

"Haligongi. Linanguruma tu, vizuri."

Akashusha pumzi. Nilitaka kujitoa, majirani walikuwa wameanza kuchungulia, lakini akanishika kichwa akakirudisha palepale.

"Endelea," akasema.

"Niseme nini tena? Limeshakwenda."

"Chochote. Usinyamaze."

Tangu nizaliwe watu wananiambia ninyamaze, kuanzia mama yangu, walimu, mpaka wakwe. Hakuna aliyewahi kuniomba niendelee. Nikakaza kidevu pale mfupani, nikaanza na bomba la jikoni.