Curé Bane, Balebale

Mwaka ule wa 2001 barabara ya Butembo kwenda Beni haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo jibu la daktari Omer kuhusu picha ya kifua cha Muyisa lilipitia foni, redio ya parokia ya Beni. Mwendeshaji, aliyejiona fundi wa lugha, aliandika: MUYISA, CURÉ BANE, BALEBALE, BILA KUKAWIA.

Kavuo alisoma mara tatu. Mapadri wanne! Mume wake ni mchuuzi wa maharage, si askofu. Na hao "balebale", yaani walewale, ni akina nani? Kwa vyovyote, kansa ya mapafu, iliyoondoka mwaka jana kwa sindano za Kampala, imerudi, na daktari amenawa mikono.

"Donc ni kwisha," Muyisa alisema, akikohoa. "Koti yangu, mupatie Phinées."

Kavuo alimpelekea shemeji yake koti huku akilia njia nzima, kisha akamwita curé mmoja. Kwa wale watatu, Mungu angemsamehe.

Padri Élisée alifika na mafuta ya wagonjwa, akasoma ujumbe ule, akapigwa na butwaa. "Bapadri bane, mama Kavuo? Tutabapata wapi? Twende kwa foni."

Redioni, daktari alikuja juu. "Curé gani? Nilisema cure ine, ileile! Ni dawa. Ile ya Kampala, mara ine."

Kavuo, badala ya kuelewa, alichanganyikiwa zaidi. "Mais docteur, kama ilimuponyesha, juu ya nini ugonjwa irudie? Na kama hapana, tuirudilie ya nini?"

"Ugonjwa ilikaa mbali mwaka muzima, mama. Donc dawa ile ingali na nguvu juu yake. Inaweza kuifukuza tena. Kuimaliza, hapana."

Alirudi nyumbani hajui acheke au alie. Alimweleza mume wake yote, hata ile hapana.

"Kutapika kulekule?" Muyisa aliuliza.

"Kulekule."

"Na kisha?"

"Pengine mwaka ingine. Pengine hapana. Sielewi vizuri, baba."

"Mwaka ile ilipita, tulifanya nini nayo?"

Kavuo alitafuta jambo kubwa, akalikosa. "Tulipanda maharage. Tuligombana juu ya mbuzi. Ulicheka sana kwa ndoa ya mutoto wetu Myriam."

Muyisa alianza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Ambia Phinées aniazime ile koti," alisema. "Mwaka moja tu."