Eka Tisini za Bujiku

Mwaka ule wa sitini na saba, mgeni aliyefika Didia hakuwa na haja ya kuuliza shamba la Bujiku liko wapi. Macho yalikuwa yamekwisha kumjibu. Eka tisini za pamba, mistari imenyooka mpaka inachosha kutazama, na katikati nyumba ya bati yenye uwanja unaofagiliwa kila asubuhi, hata siku ya mvua.

Lakini Nyamizi, mkewe, alikumbuka eka mbili. Walizianza wawili, yeye na Bujiku, na majembe mawili, moja likiwa na mpini uliopasuka wakaufunga kwa kamba. Walikata vichaka, wakang'oa visiki, wakalala wamekunja vidole maana havikutaka kunyooka. Eka mbili zikazaa tano. Tano zikaleta maksai na plau. Maksai wakaleta eka arobaini, na mwisho wa yote likaja trekta kuukuu jekundu lililokohoa kama babu kabla halijakubali kuamka. Watu wa Didia walikuja kulitazama linavyokohoa.

Bujiku alikuwa mkali, hilo lisifichwe. Kila mchumaji alifunga mifuko miwili kiunoni, wa kulia wa pamba safi, wa kushoto wa fifi, ile yenye madoa. Akikuta fifi kwenye mfuko wa safi, anakufukuza mbele za watu. Ila aliyefukuzwa, kabla hajafika kwenye mkuyu wa njia panda, alisikia miguu nyuma yake. Ni Nyamizi, na debe la mahindi kichwani. "Chukua, na kesho urudi. Amekwisha kusahau." Nani alimtuma? Bujiku mwenyewe. Hawakumwambia mtu yeyote hilo kwa miaka ishirini.

Jioni za kuchambua pamba ukumbini, Nyamizi alitega vitendawili ili mikono isilale.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wazee weupe wamejaa kwenye gunia moja, hakuna anayekoroma."

"Pamba!" watoto walipiga kelele.

Aliyekuwa akishindwa siku zote ni shemeji yake, Mzee Maganga, kaka mkubwa wa Bujiku na msemaji wa ukoo. Mtu mwenye busara kwenye mambo ya ng'ombe na mahari, lakini kitendawili kilimpiga chenga kama ndama asiyetaka kamba. Kila mara aliishia kuombwa mji, na kila mara alitoa ule ule: "Haya, nakupa Mwanza." Nyamizi alikuwa amekwisha kupewa Mwanza mara mia na hajawahi kuiona.

Watoto waliobaki hai walikuwa wawili. Nkwabi, mkubwa, aliendesha lori la mizigo Shinyanga mjini, alivaa viatu vya kamba na saa ya mkononi. Scolastika, mdogo wake, alikuwa ameachana na mume huko Ushirombo, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na kabla ya mwaka kwisha akawa yeye ndiye anayelijua lile trekta linaumwa wapi.

Siku ya pili ya Septemba Bujiku aliinama kuokota kifungo cha shati, hakuinuka.

*

Ukoo wa Bujiku ulikuwa na mwiko wake. Mwenye shamba akifa, kwa siku ishirini hakuna mtu wa ukoo anayegusa shamba lake. Na mjane hukaa mkekani mpaka siku ya kunyolewa, hiyo hiyo ya ishirini. Akiinuka kwenda kazini kabla ya siku hiyo, amemkana marehemu. Hurudishwa kwao.

Nyamizi alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwao, Ushetu, alibaki mpwa mmoja tu asiyemjua hata kwa sura. Akakaa mkekani.

Siku ya nane akaja bwana shamba, Telesphori, kijana mpole wa kutoka upande wa Biharamulo, kofia mkononi. Alitoa pole. Kisha akabaki amesimama, anaizungusha ile kofia.

"Sema tu, baba," Nyamizi alimwambia. "Kofia itachakaa."

"Mama, mavuno yamekwisha lakini miti ya pamba bado imesimama shambani. Eka zote tisini. Sheria inasema ing'olewe na kuchomwa ifikapo tarehe kumi na tano. Funza wanalala humo, mvua ikija wanaamka na kuhamia kwa majirani. Shamba lisilochomwa halipewi mbegu mwezi wa kumi na moja. Nimeomba mpewe siku za ziada kwa ajili ya msiba. Wamekataa."

Siku ya ishirini ilikuwa tarehe ishirini na mbili. Juma zima baada ya mwisho.

Maganga, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, alitikisa kichwa. "Mwiko ni mwiko, bwana shamba. Sisi hatukuutunga."

Na Nkwabi, aliyekuja kwenye msiba na kukaa siku tano, alikuwa amekwisha kusema lake kabla ya kurudi mjini. "Mama, usijichoshe. Siku ya kunyoa, ukoo utagawa. Robo kwangu, robo kwa Skola, nusu iliyobaki kwa baba mkubwa na watoto wake. Nitaikodisha yangu. Trekta tuliuze, kila mtu apumue."

"Trekta nani ataliuza?" Scolastika aliuliza. "Wewe unayeliogopa?"

"Siliogopi. Linanuka uzee."

"Hata baba alinuka uzee, ndiye aliyekununulia hivyo viatu."

Nyamizi aliwasikiliza wote. Aliyaona mambo yanavyofuatana kama ng'ombe wanaoingia zizini. Miti isipochomwa, hakuna mbegu. Bila mbegu, shamba linalala. Na shamba lililolala, nani atalitetea lisikatwe vipande? Miaka thelathini na tano ya vidole visivyonyooka ingekwisha kwa sababu ya juma moja.

*

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili ngoma zilisikika barabarani. Walikuwa watu wa bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma, wanaorusha majembe juu na kuyadaka yakishuka. Watu sitini, wanaume kwa wanawake, na mbele yao kiongozi wao Onesmo, jitu lenye sauti ya kuita mvua. Kila mwaka walimlimia Bujiku, na kila mwaka Bujiku aliwachinjia dume nono. Wengine waliwachinjia kilichochechemea. Bujiku hakuthubutu, tena hakutaka.

"Mwangaluka, mayu," Onesmo alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, akapiga goti kwenye mlango. "Tumekuja kumchezea mzee kwenye kaburi lake. Halafu tutaondoka. Hatuli. Mwaka huu hatuli."

"Wabeja, mwanangu." Nyamizi alimshukuru, akalitazama jembe lake begani, limenolewa likang'aa. "Alikuwa akiwalisha kwa sababu ya kucheza?"

Onesmo akafikiri. "Kwa sababu ya kulima."

"Basi mlilieni kwa kile alichowalishia. Miti imesimama. Ninyi si wa ukoo, mwiko haupo kwenu."

Nje watu walianza kunong'ona. Onesmo alijikuna kisogo. "Mayu, tungeing'oa kwa siku tatu. Ila sisi nasi tuna letu, unalijua. Hatuingii shamba la mtu mpaka mwenyewe atangulie, apige jembe la kwanza. Tangu babu zetu. Tukiingia bila mwenyewe, sisi ni wezi. Na mwenye shamba amelala pale." Akaonyesha kaburi kwa kidevu.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukoo unasema asiguse mtu wa nyumba. Ngoma inasema lazima atangulie mtu wa nyumba.

Scolastika akapiga hatua. "Nitatangulia mimi."

"Kaa chini," mama yake alimwambia. "Wewe ukirudishwa kwenu, kwenu ni hapa. Watakufukuzia wapi? Wataona unauchezea mwiko. Na wewe bado una mtoto wa kulea katika ukoo huu."

Nyamizi aliuangalia mkeka. Ulikuwa mkeka wa ukindu, yeye mwenyewe aliusuka. Akaweka mkono chini, akainuka. Magoti yalilia, yote mawili.

"Shemeji!" Maganga aliruka kwenye kigoda. "Nyamizi! Unajua unachofanya?"

"Najua, shemeji."

"Utarudishwa kwenu!"

"Nimesikia. Ila leo niko hapa."

Alilitoa jembe lake nyuma ya mlango, akatoka na kaniki yake ya msiba, miguu mitupu, kichwa hakina kitambaa. Watu sitini walipisha. Hakuna aliyepiga ngoma. Alifika kwenye mstari wa kwanza, akainama, akapiga jembe chini ya shina, pale mzizi unapoanza, akapindua. Mti ukalala na udongo wake. Aliushika, akautikisa, akauweka chini taratibu kama anayelaza mtoto.

"Haya," alisema.

Ngoma ikalipuka.

*

Walifanya kazi siku ile na iliyofuata. Mstari wa watu sitini ulikwenda na kurudi, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, nyuma yao wanawake wanakusanya marundo, nyuma zaidi Scolastika na trekta lake linalokohoa akiyavuta mpaka mahali pa kuchomea. Siku ya pili upepo ulirusha cheche kuelekea zizi. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama mpakani kwa saa nzima, amekunja mikono kama asiyehusika, aliruka na tawi bichi akaipiga ile cheche mpaka ikafa. Kisha akatazama huku na huku, akarudi kwenye kigoda chake.

Siku ya tatu Nkwabi alikuwa akipita barabara kuu na lori lake. Aliona moshi umesimama juu ya Didia kama mnara. Nyumba! Alikata kona, akaja na vumbi lake, akaruka kabla lori halijatulia vizuri.

Hakukuta nyumba inayoungua. Alikuta shamba la baba yake limekaa wazi, eka kwa eka, jekundu, na mwishoni kabisa mstari wa watu, na katikati ya mstari mama yake.

"Mama! Nani amekuruhusu?"

Onesmo alimwona. Hakuacha kulima. Akabadilisha wimbo palepale, sitini wakaupokea:

"Dume amekufa, ndama amefika,
amevaa viatu asikanyage mavi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nkwabi alisimama, masikio yamemwaka. Angeweza kurudi kwenye lori. Mkono wake ulikwisha kushika mlango. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, kimoja, cha pili, akavisimamisha vizuri juu ya kikanyagio cha lori, akaomba jembe.

Alilipandisha juu mno. Likashuka likakata shina hewani, mzizi ukabaki ardhini.

"Umemnyoa, hujamng'oa!" bibi mmoja alimcheka. "Huyo ataota tena kabla hujafika Shinyanga!"

Nyamizi alikuja kando yake. Hakumwuliza kwa nini amekuja. "Chini ya shina, mwanangu. Pale anapoanza. Hivi. Baba yako naye mwaka wa kwanza alinyoa mstari mzima."

"Baba?"

"Nilicheka mpaka akanuna siku mbili."

Alipinda mgongo. Mpaka saa sita viganja vilikuwa malengelenge, mpaka saa tisa malengelenge yalikuwa yamepasuka. Hakuondoka. Jua lilipoelekea chini, rundo la mwisho liliwashwa, na Telesphori alikuja na baiskeli, akazunguka shamba zima, akaandika kwenye daftari lake, akavua kofia.

*

Tarehe ishirini na mbili ukoo ulikaa uwanjani. Wembe ulikuwa kwenye bakuli la maji. Nyamizi alikuwa amerudi mkekani tangu jioni ile ya moto, lakini kila mtu alijua. Kifurushi chake cha nguo kilikuwa tayari nyuma ya mlango. Alikifunga mwenyewe. Hakutaka kufungiwa.

Maganga alikohoa. Alionekana hajalala vizuri kwa siku kadhaa. "Tuna mambo mawili. Kugawa shamba. Na hili la mjane kuinuka mkekani. Mwiko mnaujua. Aliyeuvunja anarudi kwao."

Kuku alipita katikati ya baraza, hakufukuzwa.

Nkwabi alisimama, akanyoosha mikono mbele, viganja juu. Vilikuwa vibaya bado, vimefungwa vitambaa.

"Baba mkubwa, shikamoo tena. Mimi ni wa ukoo. Mimi pia niliingia shambani kabla ya siku ishirini. Kama mama anarudi kwao, mimi nirudi wapi?"

Maganga alivitazama vile vitambaa.

"Na lile la kugawa," Nkwabi aliendelea, sauti imeshuka, "robo yangu naifuta. Nililima mistari saba tu, mikono imekataa hata kushika usukani. Wao walilima eka tisini. Mimi siwezi kulikata shamba hilo. Alishike mama, na Skola na trekta lake. Mwezi wa kumi na moja nitaomba ruhusa nije nipande."

"Na ukija," alisema Scolastika, "uje peku." Kisha akamgeukia Maganga, kwa adabu zote, macho chini. "Samahani, baba mkubwa. Mimi nilikuwa juu ya trekta, naona mbali. Ile cheche ya siku ya pili, iliyokimbilia zizi. Nani aliizima? Maana alikanyaga shambani, hatua kama kumi hivi."

Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenda mpaka kwa wazee. Maganga alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Alifuta macho kwa kiganja, na haikujulikana anafuta machozi ya kicheko au ya mdogo wake.

"Mdogo wangu angenicheka," alisema mwisho. "Nikiacha zizi lake liungue eti nimekunja mikono." Alimtazama Nyamizi. Hakujua aanzie wapi, na mtu wa heshima yake hakuzoea kuomba radhi mbele ya vijana.

Nyamizi alimhurumia.

"Kitendawili," alisema kutoka mkekani.

Watu walishtuka. Kisha Maganga, polepole: "Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba vinne, haina mlango. Waliomo wakikomaa, inapasuka yenyewe, na hakuna anayeumia."

Maganga alikuna kichwa. Alitazama bati, alitazama zizi, alitazama eka tisini tupu zinazongoja mvua. Nkwabi alijua jibu, Scolastika alijua, hata mtoto wake alikuwa akirukaruka na tumba la pamba lililokauka mkononi. Wakamwachia.

"Sijui, shemeji. Umenishinda."

"Nipe mji."

Watu wote walingoja ile Mwanza yao. Mzee Maganga alichukua wembe kwenye bakuli, akauchovya majini, akaukung'uta, akampa Scolastika aanze kumnyoa mama yake.

"Nakupa Didia," alisema.